Kaka Alipokuwa Baba Mkwe Wangu

Msimu ule wa mvua niliruka mitaro kuliko vyura. Napandisha zangu kutoka mtoni, ndoo kichwani, wimbo mdomoni, mara kwenye kona ya migomba anajitokeza kaka yangu na fimbo yake, kofia imelala upande, tumbo limetangulia. Anasimama. Anakohoa. Kikohozi kile kilikuwa na maana moja tu: toka njiani. Basi na mimi najitupa pembeni kwenye majani ya magimbi, nachuchumaa, najifunika kanga usoni na kungoja bwana mkubwa apite. Na yeye hakuwa na haraka. Aliweza kusimama pale akautazama mlima Rungwe kana kwamba ameununua jana, huku maji ya ndoo yakinishuka mgongoni.

Akishapita hatua chache, namsikia anacheka kwa chini.

Anayejua mila za kwetu ameshaelewa. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Mwanamke akimwona baba wa mumewe njiani anakwepa, anainama, anajifunika. Hamtaji jina, haingii chumba alimo, hali naye chungu kimoja. Siku hizi wengi wameacha, au wamepunguza makali, lakini nilipokuwa msichana, kijiji chetu cha Kisondela kizima hakuna aliyekuwa hajui. Sasa shida ni kwamba mimi sikuwa nimeolewa na mtu. Na yule hakuwa baba mkwe wa yeyote. Alikuwa mtoto wa mama yangu mkubwa, tumekua naye, tumegombania naye ukoko wa wali. Ila tulikuwa tunacheza filamu, na katika filamu hiyo mimi nilikuwa mkamwana, naye alikuwa baba mkwe. Yeye ndiye aliyekuwa steringi, mwigizaji mkuu.

Niseme kwanza alivyokuwa. Kaka alizaliwa na hali ambayo siku hizi nimejua inaitwa sindromu ya Down. Wakati ule sisi hatukuwa na neno hilo. Manesi wa misheni walimwambia tu mama mkubwa kwamba mtoto kazaliwa hivyo, atachelewa kutembea, atachelewa kusema, na si kosa la mtu wala si mkono wa mchawi. Majirani wao walikuwa na majina yao ya kumwita. Sitayaandika hapa, karatasi nimenunua mwenyewe. Alikuwa mfupi wa kujaa, macho yamepanda kidogo pembeni, ulimi mzito, maneno yakimtoka yamevaa makoti. Asiyemzoea ilibidi amwombe arudie. Sisi tuliomzoea tulimwomba anyamaze.

Maana alikuwa mwigaji, we acha tu. Alimwiga mchungaji anavyopapasa mifuko kutafuta miwani iliyo usoni kwake. Alimwiga karani wa mizani ya chai, yule anayekodolea macho mshale na kuona anachotaka kuona. Alimwiga mama yangu anavyotoka kanisani na kiatu kinachombana, na mama alicheka mpaka akakivua. Hakuna aliyemfundisha. Alikaa tu kwenye kigoda nje ya nyumba ya mama yake, amenyamaza, na wewe ukidhani hayupo, yeye anakuchukua mzimamzima.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nachuma chai kwenye shamba la mama mkubwa, na nilikuwa nimeamua kuwa mwigizaji. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kulia humo humo chaini. Nikishafika mwisho wa mstari naweka kikapu chini, namkumbuka mume wangu aliyekufa vitani (sikuwa na mume, na hapakuwa na vita), machozi yanakuja yenyewe. Wachumaji wenzangu walizoea. Mgeni akiuliza yule dada ana nini, wanamjibu kwamba hana kitu, anasoma.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Kahawa iliyokuwa ikinunuliwa na ushirika peke yake sasa ilikuwa na wanunuzi wanaokimbizana barabarani. Mitumba ilishuka kwa marobota. Mjini Tukuyu vibanda vya video viliota kama uyoga, na kimoja kilikuwa cha mfanyabiashara Mwislamu aliyeuza pia sukari, betri na madishi ya plastiki. Wote tulimwita Shehe, ingawa mwenyewe alikuwa akisema kwamba msikitini anakaa safu ya nyuma, karibu na viatu. Shehe alinunua kamera ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu, akawa anapiga harusi na vipaimara. Halafu akachoka na maharusi. Alisema maharusi wote wanakata keki kwa namna moja. Akatangaza pale kibandani kwamba anatengeneza mkanda wake mwenyewe, wa hapa hapa, na anayetaka kuonekana aje Jumamosi uani kwake.

Jumamosi hiyo mama mkubwa alikuwa amekwenda msibani Masoko, na misiba ya kwetu mtu haendi na kurudi siku hiyo hiyo. Aliniachia kaka nimwangalie. Sasa ningemwangaliaje na mimi naenda Tukuyu? Nikaenda naye. Tulipanda lori la ndizi, tukakaa juu ya mikungu kama machifu.

Hadithi ya mkanda ilikuwa kichwani mwa Shehe, na kichwa hicho hakupenda kukifungua chote siku moja. Alichotuambia ni hiki: kuna mzee wa kahawa, tajiri, mkali, anayeheshimiwa bonde zima. Mwanawe anaoa msichana wa mjini asiyejua mila. Msichana anafika, anampa mzee mkono, anakaa kwenye kiti chake, anamwita kwa jina. Nyumba inageuka juu chini. Msichana ni mimi, kwa sababu nililia vizuri kuliko wenzangu. Mzee, yaani steringi, alikuwa aigizwe na kinyozi wa pale stendi, kijana mzuri mpaka wasichana walikuwa wakipeleka kaka zao kunyolewa hata kama hawana nywele.

Wakamfunga kinyozi mto tumboni, wakampaka unga wa sembe kichwani awe na mvi. Akatembea. Alitembea kama kijana mzuri aliyefungwa mto. Shehe akamwambia azeeke kidogo. Akainama, unga ukamwingia puani, akapiga chafya, mvi zote zikaruka. Kaka, aliyekuwa amekaa kwenye kreti la soda akinywa fanta, alicheka mpaka fanta ikamtoka puani.

Halafu akainuka. Akaenda kukaa kwenye kiti cha mzee, kile kiti cha uvivu ambacho Shehe alikuwa amekitoa sebuleni kwake. Akaliweka tumbo lake mapajani, lake mwenyewe, halikuhitaji mto. Akakohoa, akatema mate pembeni, akatazama mbali kule kwenye paa la jirani. Mkono mmoja akaunyoosha nyuma, hageuki, haulizi, vidole vimejikunja kidogo. Mkono ule ulikuwa na uhakika kwamba kikombe kitakuja. Ndipo nikajiona nimepiga magoti na kikombe cha Shehe nimekitia mle mkononi, na sikumbuki nimekichukua saa ngapi.

Shehe alikuwa ameishusha kamera. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni nani kwenu?"

Nikamwambia ni kaka yangu. Kinyozi akasema jamani tusitaniane, mtu mwenyewe yuko vile. Shehe akamjibu kwamba hata kinyozi mwenyewe yuko vile alivyo na hakuna aliyemlaumu, akapanguse unga.

Kaka hakuwa akisikiliza mabishano hayo. Alikuwa bado ni mzee. Kikombe kilipokwisha, alikinyoosha tena nyuma.

Kilichobaki ni mama mkubwa.

Na hapo ndipo palipokuwa na mlima. Mama mkubwa alikuwa mjane, mrefu, muuza maziwa, mtu ambaye hata ng'ombe wake walikuwa wakimwogopa wakati wa kukamuliwa. Miaka michache nyuma wanaume fulani walimwita kaka kwenye kilabu cha pombe siku ya gulio, wakamwambia acheze, wakamcheka, wakamtupia maganda ya ndizi. Yeye alidhani wanamshangilia. Mama mkubwa aliingia mle kilabuni na mwamvuli uliofungwa, na wale wanaume mpaka leo wakimwona wanakumbuka. Tangu siku hiyo kaka hakupelekwa penye watu wengi, isipokuwa kanisani, nako anakaa ukutani, mama upande wa pili, kama barua ndani ya bahasha.

Shehe alikuja Kisondela Jumapili mchana, amevaa kanzu, amebeba sukari na sabuni za mche. Mama mkubwa alimtazama toka chini mpaka juu, akanitazama mimi, akamkaribisha kwa ubaridi. Alianza kumweleza taratibu kwamba sisi ni watu wa kanisa, kwamba binti bado mdogo, na kwamba mahari ya kwetu ni ng'ombe, si sabuni. Shehe akatokwa na jasho. Akasema, "Hapana, mama. Mimi nimemfuata kijana."

Ilichukua muda kuelewana. Alipoelewa, mama mkubwa alivuta ungo akachambua maharage, punje kwa punje. Kaka alikuwa mlangoni ameshika fimbo ya marehemu baba yake, ameshavaa na kofia. Nadhani ni kofia ile iliyomshinda mama mkubwa. Hakuwa amemwona mwanawe akitaka kitu kiasi kile.

Akamwuliza Shehe ni mkanda wa namna gani. Shehe akasema ni mkanda wa heshima, wa mila zetu, vijana wajifunze. Haikuwa uongo. Ila hakusema kwamba ni wa kuchekesha kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na mimi niliyekuwa najua nilikuwa na gimbi mdomoni, la moto.

Mama mkubwa akaweka ungo chini. "Sikia, shehe. Siku mtakayouonyesha, mimi nitakuja. Mtu mmoja akimcheka mwanangu, nitaizima mashine yako kwa mkono huu, na nitamchukua mwanangu hutamwona tena. Na wewe," akanigeukia, "hutakanyaga hapa."

Nikameza lile gimbi zima.

Basi tukaanza. Betri ya kamera ilichajiwa mjini na kuletwa imefungwa ndani ya sweta. Mvua ya kwetu haina adabu, inakuja ikijisikia, kwa hiyo kwenye mkanda ule mtu anatoka nyumbani kukiwa na jua, anafika mlangoni ameloa chapachapa, na hakuna anayemwuliza. Kinyozi alipewa kuwa mume wangu. Alikubali kwa shingo upande na kila mara alijipanga mbele ya kaka, uso kwa kamera, akiongea hata pasipohitaji maneno. Kaka hakugombana naye. Alimngoja aanze hotuba yake, halafu nyuma kule akavua kiatu polepole, akakitikisa, akachungulia ndani kama anayemtafuta mwenye nyumba. Shehe akawa anamwacha kinyozi na kukifuata kiatu.

Tatizo ni kwamba kaka hakutaka kuacha kuwa baba mkwe hata kamera ikizimwa. Alikuwa ameonja. Ndiyo hiyo mitaro niliyosema. Kwa kuwa mkamwana hali na baba mkwe, akawa analetewa mbalaga peke yake ndani, bakuli lote, ndizi na nyama, na mimi nimesimama nje navuta harufu. Nilimlalamikia mama mkubwa kwamba huyu ananionea, si baba mkwe wangu kweli. Kaka akakohoa. Mama mkubwa akasema ni mimi niliyeyataka. Nilimwona anavyouma midomo, anageuka ukutani.

Mara mbili kaka alimgomea Shehe. Ya kwanza ilikuwa mkamwana anapokaa kwenye kiti cha mzee. Shehe alitaka mzee aje na fimbo amtandike, watu waone hasira. Mimi nikakaa kitini, kaka akaja na fimbo ameiinua, kinyozi akapiga ukunga wa bandia, halafu kaka akaishusha.

"Sipigi," akasema.

Shehe akambembeleza kwamba ni mchezo, haigusi, inapita juu tu. Mimi mwenyewe nikamwambia, "Kaka, piga tu, sitaumia."

"Sipigi mtoto wa watu."

Sote tulijua nani aliwahi kupigwa maganda kilabuni bila sababu, na hata kinyozi alitazama chini. Shehe akauliza sasa mzee afanye nini, maana kamera inakula betri. Kaka akafikiri. Akaivuta kofia mpaka ikafunika macho na pua, asimwone mkamwana aliyekalia kiti chake, akaanza kuondoka hivyo hivyo kipofu, kwa heshima zake zote, fimbo ikipapasa mbele. Akamgonga mbuzi. Akamwomba radhi. Akaingia kwenye mkeka wa kahawa inayoanikwa, akaivuka kahawa yote kwa unyayo, akafika kwenye mgomba, akausalimia kama mtu, "Ugonile," akangoja ujibu. Kamera ilikuwa ikitetemeka kwa sababu aliyeishika alikuwa anacheka.

Ya pili ni kifo. Hadithi ya Shehe ilikuwa mzee anaugua, anafariki, mkamwana analia, mwisho. Mimi nilikipenda sana kifo hicho, nilikuwa nimekifanyia mazoezi chaini. Lakini siku zile za kupiga kaka alikuwa ameshaangalia mikanda kibandani kwa Shehe, na alichojifunza ni kile ambacho kila mtu nchi hii anakijua: steringi hafi. Alimtazama Shehe kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyekosea jambo dogo. Alilala kitandani, akafunikwa shuka, Shehe akasema sasa umekufa, na chini ya shuka ikatoka sauti, "Bado." Ikasubiriwa. "Bado." Kinyozi akajitolea kufa yeye. Mwishowe Shehe akakubali mzee augue tu, na mkamwana, ambaye haruhusiwi kuingia, amsukumie bakuli la uji mlangoni kwa mwanzi mrefu. Hapo ndipo mkanda unaishia. Machozi yangu ya miezi yote yalibaki na mimi, nikaja kuyatumia baadaye kwa mambo mengine.

Siku ya kuonyesha ilikuwa Jumamosi alasiri, darasani, shule ya msingi. Madirisha yalizibwa kwa maturubai ya kahawa, televisheni ikawekwa juu ya meza ya mwalimu, jenereta ikaunguruma nje. Watu walikuja mpaka kutoka Nkunga. Watoto waliingia kwa yai au parachichi. Shehe alikuwa amevaa suti, anajifuta shingo kila saa. Akaninong'oneza, "Mama yako mkubwa amekaa wapi?"

Alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kitenge kipya, mwamvuli mapajani. Kaka kando yake ukutani, na kofia yake.

Mkanda ukaanza. Alipotokea kaka kwenye kioo, ametanguliza tumbo, darasa zima likavuta pumzi. Nilisikia mtu akisema, si yule wa kwa mama wa maziwa? Halafu kimya, kimya cha watu wasiojua wanaruhusiwa nini. Wanaume wawili wa kile kilabu nao walikuwamo, wamekaa mbali na mwamvuli. Nilijishika magoti. Nilikuwa nimemwomba Mungu, naona haya kusema, kwamba mkanda usichekeshe.

Mungu hakunisikia. Kwenye kioo mimi nilimpa mzee mkono, akautazama kama nimempa chura, na mama mmoja mbele kabisa akapasuka. Baada ya huyo hakuna aliyejizuia. Kiatu kilipotikiswa nyuma ya kinyozi, wakacheka. Kofia iliposhuka puani, wakaanza kushikana. Mbuzi alipoombwa radhi, kuna mzee alitolewa nje akohoe. Kila kicheko kilinipiga mbavuni. Sikutazama tena kioo, nilitazama nyuma. Mama mkubwa alikuwa amekaa wima, uso umefungwa, mkono juu ya mwamvuli. Kaka alikuwa anatazama kioo mdomo wazi. Watu wakicheka aligeuka kuwatazama, akarudi kwenye kioo, akageuka tena.

Ikaja sehemu ya uji. Mwanzi unasukuma bakuli, bakuli linaserereka, mkono wa mzee unatoka nyuma ya mlango, unalivuta, anaonja, kisha mdomo wake unasema kitu. Darasa lilikuwa limeshachoka kwa kicheko hivyo likacheka hata kabla hajamaliza kusema, na maneno yakapotea.

Mama mkubwa akasimama.

Alipita katikati ya madawati, na kila alipopita watu walinyamaza, kama upepo unavyolaza majani ya chai. Shehe akatoka kando ya meza. Nilimwona anatazama jenereta iko wapi, kana kwamba angeweza kuificha. Mama mkubwa akafika mbele, akaweka kiganja juu ya televisheni. Nikafumba macho.

"Mwanangu alikuwa anaongea hapa," akasema. "Mmepiga kelele, sikumsikia. Rudisheni."

Akamgeukia Shehe. "Rudisha, shehe. Nataka nisikie amesema nini."

Shehe akaikimbilia deki. Mkanda ukarudi nyuma, uji ukatoka mdomoni ukaingia bakulini, bakuli likamkimbia mzee, na kaka kule nyuma akapiga makofi ya furaha, maana hakujua kama anaweza na hilo. Watu walitaka kucheka ila walikuwa wakimtazama mama mkubwa. Yeye hakuwa akitazama kioo. Alikuwa amesimama ubavuni mwake, kiganja pale pale, anatutazama sisi nyuso, mmoja baada ya mwingine, kama anavyochambua maharage, anatafuta lililooza. Aliwafikia wale wawili wa kilabuni, macho yake yakakaa juu yao muda mrefu. Mmoja alikuwa na machozi mashavuni kwa kucheka, akayafuta haraka, akasema kwa adabu, kwa Kinyakyusa, kwamba mama, mzee huyu ni baba yangu kabisa, marehemu alikuwa hivyo hivyo kwa kofia. Mama mkubwa aliendelea na jirani yake.

Mwanzi ukasukuma bakuli tena. Mkono ukatoka nyuma ya mlango, ukalivuta bakuli, na sauti ya kaka, nzito, imevaa makoti yake yote, ikasema wazi kabisa:

"Uji hauna sukari."

Sikuwa nimejua kwamba alisema hivyo. Siku ile tulipopiga nilikuwa nje na mwanzi wangu. Lakini mama mkubwa alilitambua, kwa sababu ndilo neno analoamka nalo kaka kila siku ya Mungu, hata uji uwe na sukari ya kusimamisha kijiko, tangu alipojifunza kusema. Ni yeye na mama yake tu, asubuhi, jikoni, mwanga haujaingia vizuri. Sasa lilikuwa limesemwa mbele ya Kisondela na Nkunga nzima, na mkamwana wa mjini ndiye wa kulaumiwa.

Kwanza mabega ya mama mkubwa yakatikisika. Nikadhani analia. Halafu kicheko kikamtoka, kikubwa, cha kiume karibu, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake na nadhani wengi pale hawakujua kama anacho. Akaiacha televisheni, akakaa kwenye dawati la kwanza katikati ya watoto, mwamvuli ukaanguka, hakuuokota. Watu wengine walikuwa wakimtazama. Alikuwa akicheka peke yake darasa zima, kitenge mdomoni, na kicheko hakikomi.

Huko nyuma, karibu na mlango, kaka akainuka kwenye kiti. Mkanda ulikuwa unaendelea, mzee alikuwa bado ana lawama zake kuhusu uji, na hakuna aliyekuwa akizisikia. Akakohoa.

"Mama," akasema, "nyamaza. Bado naongea."